Kaka mchungaji, sinia lilimpita Mama

Shikamoo kaka.

Huku Tukuyu baridi ya Julai imekaza, ukungu hautoki mpaka saa nne. Mama hajambo, kikohozi kimepungua. Nakuandikia hadharani kwa sababu na wewe ulisema hadharani, mimbarini, Jumapili ya Pasaka. Jina lako silitaji, wala la kanisa lako. Wanaokujua wataguna tu, na wasiokujua, wengi wao wana kaka kama wewe.

Nianze na lile sinia. Ulitangaza kwamba Meza ya Bwana ni ya waliobatizwa kwa maji mengi. Mama hakujua kuwa anasemwa yeye, maana yeye hajawahi kujiona kama mtu asiyebatizwa. Wamoravian walimbatiza mwaka 1951 akiwa na miezi mitatu, na cheti bado kimo kwenye lile sanduku la bati, pamoja na risiti za kahawa za baba. Shemasi alipofika na vikombe, Mama alikuwa ameshaufungua mkono. Shemasi akakuangalia. Ukatikisa kichwa, kidogo tu, nikakuona. Sinia likapita juu ya magoti yake hadi kwa binti aliyekaa pembeni, na ule mkono uliokuwa wazi ukaanza kunyoosha kitenge ambacho hakikuwa na mkunjo wowote.

Kwenye Kosta ya kurudi, tulipofika Isyonje, aliuliza bei ya debe la viazi. Hakununua. Mpaka leo hajalisema lile jambo.

Tangu siku hiyo nyumbani wanakuita "msimamo mkali". Binamu yetu yule mwenye duka kazidisha, eti ndivyo mambo ya Shakahola yalivyoanza. Nilimkatalia palepale. Kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023 walifukua miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe wamwone Yesu. Wewe hujawahi kumnyima mtu ugali. Hujauza maji ya upako wala mafuta, na pikipiki yako ni ileile inayowashwa kwa kusukumwa. Halafu nikamkumbusha binamu habari ya shangazi. Walipoletwa lambalamba, wale wasaka wachawi, kijijini na vidole vyote vikaelekea nyumbani kwa shangazi, nani alisimama mlangoni na Biblia na kusema hapa hapiti mtu? Mchungaji gani mwingine alijitokeza? Wa kwetu Moravian alikuwa na semina. Msimamo wako mkali ndio uliomwacha shangazi hai, na mimi sitakuomba uulegeze hata nukta.

Ila wewe mwenyewe hilo jina umelivaa kama koti. Ulisema, "Mimi ni mtu wa misingi, wanaotaka kuniita mkali waniite." Nikasema haya, ngoja nikaitafute hiyo misingi. Usiku, bando likiwepo, nikasoma.

Nikakuta neno lenyewe, kwa Kiingereza "fundamentalist", limezaliwa kwenu Wabaptisti. Kati ya 1910 na 1915 huko Marekani vilitolewa vitabu 12 vyenye makala 90, vikaitwa The Fundamentals, tuseme Mambo ya Msingi. Pesa ilikuwa ya mfanyabiashara wa mafuta wa California, Lyman Stewart, na ndugu yake Milton. Nakala kama milioni 3 ziligawiwa bure kwa wachungaji na wamisionari. Mhariri wa kwanza, A. C. Dixon, alikuwa mchungaji Mbaptisti. Walikuwa wakiwajibu wasomi walioichambua Biblia mpaka ufufuo ukabaki hekaya. Mwaka 1920 mhariri wa gazeti la Wabaptisti, Curtis Lee Laws, akawatungia jina hilo la "fundamentalist" watu wa namna hiyo, walio tayari kuipigania misingi. Lilikuwa jina la heshima. Kilichoiharibu heshima hiyo ni kesi ya 1925 pale Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alipotozwa faini ya dola 100 kwa kufundisha kuwa binadamu ametokana na viumbe vya chini. Magazeti yaliwacheka, na jina likaanza kugeuka tusi. Sisi redioni tumeletewa "itikadi kali", mara nyingi ikifuatana na habari ya bomu, kwa hiyo simlaumu sana binamu.

Sasa kaka, ukiuliza misingi ni ipi hasa, watu hutaja matano: Maandiko hayana kosa, Yesu alizaliwa na bikira, alikufa badala yetu, alifufuka na mwili wake, na miujiza yake ni kweli. Nilitafuta maji mengi humo. Hayamo! Na hayo matano yalipitishwa mwaka 1910 na mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa Marekani, watu wanaobatiza watoto wachanga. Ukirudi kwenye vile vitabu 12 utamkuta askofu wa Kianglikana wa Durham, Moule, anaandika juu ya kuhesabiwa haki kwa imani. Utamkuta James Orr, Mskoti, anatetea kuzaliwa na bikira, na mahali pengine humohumo anasema wazi kwamba dunia ina umri mkubwa kuliko miaka 6,000. (Hilo nalo siku moja tutalizungumza, maana nakumbuka ulivyomfokea mwanangu juu ya daftari lake la sayansi.) Wote hao wangekuja kwako Pasaka, sinia lingewapita.

Najua utaniambia maji mengi ni Neno, Warumi sura ya sita, kuzikwa pamoja naye. Sibishi. Siku unabatizwa Kiwira mimi ndiye niliyekushikia taulo. Ulitoka majini meno yanagongana huku unacheka, na sijawahi kukuona na furaha ile tena, hata siku ya harusi yako. Lakini hiyo ni imani ya Kibaptisti, na ina heshima yake tangu karne ya 17. Iite hivyo. Usiishushe chini ya nyumba na kuiita msingi, kisha ukamwambia Mama kwamba anaelea.

Na hata Ubaptisti wenyewe, kaka. Spurgeon, yule mhubiri Mbaptisti wa London wa karne ya 19, unamnukuu kila wiki ya pili. Mwaka 1887 alitoka katika Umoja wa Wabaptisti wa Uingereza kwa sababu aliona wenzake wanateleza kwenye mafundisho. Nani mkali kumzidi? Kujiunga na kanisa lake ilikuwa lazima uzamishwe. Lakini Meza ya Bwana aliwafungulia waamini wa makanisa mengine, wale wa kunyunyiziwa wakiwemo. Na kanisa lilelile la London, Dixon wa vile vitabu ndiye aliyekuja kulichunga baadaye. Huwezi kusema hawa hawakujua misingi.

Mama namsikia kila alfajiri anavyosoma Neno la siku, kile kijitabu ambacho Wamoravian wanakichapisha tangu 1731. Nilimuuliza yale matano moja moja huku anamenya ndizi, bila kumwambia yanatoka wapi. La bikira alinishangaa, akaniuliza kama nimeacha kusali. La ufufuo aliweka kisu chini. Alisema baba yenu nitamwona na huu mguu wangu mbovu ukiwa mzima. Halafu akaendelea kumenya.

Wamisionari wa Southern Baptist walipoingia Tanganyika mwaka 1956, Mama alikuwa ameshakaa na ubatizo wake miaka mitano. Nacheka, lakini pia sicheki.

Nilitaka kukupigia, nikajua utanipa mistari na mimi nitakupa mistari. Mambo ya kupanga ni haya. Mama ana kliniki ya macho Mbeya wiki ya mwisho ya mwezi huu, atafikia kwako. Anakuja na mkungu wa ndizi na maziwa ya mgando, na ameniagiza nikuambie usinunue nyama. Daktari amesema akae huko siku kumi, kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Agosti itamkuta kanisani kwenu, na hiyo kwenu ni siku ya Meza. Jana usiku, tukiwa tumeshazima taa, aliniuliza akikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama shemasi atapata usumbufu.