Transfoma za sabufa mbovu msiziponde

Ndugu Mhariri,

Nina ombi kwa wanunuzi wa chuma chakavu wa Mwanza, na kwa kuwa wenzetu hao hawana ofisi ya kupelekea barua, naipitisha kwako.

Sabufa ikifa katika mji huu safari yake inajulikana. Spika zinachomolewa, boksi linakwenda jikoni, na transfoma, ile inayoshusha volti za ukutani, inaishia kwa mwenye mizani. Pale inapigwa nyundo mpaka sahani za chuma ziachane, nyaya zinavutwa, zinapimwa. Nimesimama Igogo zaidi ya mara moja nikiitazama kazi hiyo na roho ikiniuma, maana nusu ya zile transfoma ni nzima kabisa. Kilichoungua ni bodi. Na mara nyingine mpondaji akikwangua waya anakuta ni alumini iliyovikwa rangi ya shaba. Hapo sisi sote tumekosa, yeye shaba, mimi transfoma.

Niseme kwanza mimi ni nani. Nilikuwa fundi umeme wa meli hapa ziwani, nikastaafu, sasa nina kibanda cha redio Mkuyuni. Wateja wangu wa zamani walileta redio za mbao na kaseti. Wa siku hizi ni vijana, wengine wanafunzi wa vyuo, wanaojitengenezea strima: kompyuta ndogo, mara nyingi Raspberry Pi, inayovuta muziki kutoka kwenye intaneti au diski na kuukabidhi kwa bodi ya DAC. Bodi hiyo ndiyo inayogeuza namba kuwa mawimbi ya umeme ambayo amplifaya inaweza kuyakuza. Nyingi ninazoletewa zina chipu ya PCM5102A ya Texas Instruments, chipu nzuri tu.

Mazungumzo hayabadiliki.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ina nini?”

“Inavuma, mzee. Na muziki ukipanda inajizima inajiwasha. Nafikiri ninunue DAC ya bei zaidi.”

Nafungua begi, nakuta chaja ya simu na waya mwembamba kama ule wa spika za masikioni. Simwambii kitu kuhusu DAC. Nachukua mita.

Tuanze na kujizima. Waya wa geji 28, ambao ndio umejaa kwenye kebo za chaja za bei ya chini, una upinzani wa takriban omu 0.21 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita moja ni mita mbili za waya. Mashine ikivuta ampea 2, volti 0.85 hivi zinapotelea njiani. Chaja inatoa 5, kinachofika ni 4.15. Raspberry Pi huanza kulalamika ikishuka chini ya volti 4.63 hivi, na malalamiko yake ni alama ya radi kwenye skrini. Sasa strima ya watu wengi haina skrini! Inalalamika gizani. Ndiyo maana waliotengeneza Raspberry Pi 4 wakaipa chaja yake ya volti 5.1 na ampea 3, ile 0.1 ikiwa ya kufidia waya. Ukitaka kujua bila skrini, ingia kwa kompyuta nyingine uandike vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme haujapungua tangu ulipoiwasha. Ikijibu jingine, na mashine haijapata joto kali, shuku kebo kabla ya kushuku programu.

Mvumo ni habari nyingine. Ndani ya chaja nyingi za kisasa kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa volti 230 na upande wa volti 5. Imewekwa makusudi, kuzuia makelele ya redio, na ikiwa ya kweli haina hatari. Lakini inapitisha mkondo kiduchu, ndiyo ule mtekenyo unaousikia ukipitisha kidole kwenye bati la kifaa kilichochomekwa. Strima ikiwa peke yake hakuna shida. Iunganishe na amplifaya yenye ethi, au amplifaya iliyoungwa na king'amuzi ambacho waya wa dishi lake umegusa bomba la paa, mkondo ule unapata njia ya kurudi, na njia yenyewe ni ganda la kebo yako ya sauti. Hapo ndipo “nguuu” inapozaliwa. DAC ya milioni itavuma vilevile.

Juu ya hapo chaja inakatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na takataka za kasi hiyo zinapenya regulata ndogo, yaani vituliza volti, zilizo kwenye bodi, kwa sababu regulata hizo hubana vizuri zaidi mtetemo wa polepole kuliko wa kasi. Namba za muziki hazichafuki; moja inabaki moja na sifuri sifuri. Kinachochafuka ni saa ya chipu, inayopanga mwendo wa namba hizo, na volti inayopimia kila namba. Na vipimo vyake ni vidogo. Chipu inayotoa volti 2.1 kwa muziki wa biti 16, kama ule wa CD, hatua moja ya sauti ni takriban maikrovolti 90. Mtu anayeilisha kwa chaja ya mnadani asishangae.

Dawa ya takataka hizo ndiyo ile transfoma inayopondwa Igogo.

Ya sabufa ndogo mara nyingi hutoa 12-0-12, yaani volti 12 kila upande wa waya wa kati. Misokoto yake miwili, wa kuingilia na wa kutokea, haigusani kwa umeme, na uvujaji kati yake ni mdogo mno kuliko wa chaja. Weka daiodi mbili, zile za kupitisha umeme upande mmoja tu, waya wa kati uwe hasi, kapasita ya maikrofaradi 2,200. Volti 12 zikishajaza kapasita zinakuwa 16 hivi, kwa sababu kilele cha wimbi ni mara 1.414 ya namba iliyoandikwa, ukitoa kidogo inayoliwa na daiodi. Bila mzigo zinapanda zaidi, kwa hiyo kapasita iwe ya volti 35. Ya volti 16 itakupasukia. Bodi ya DAC inayovuta ampea 0.1 itaacha mtetemo wa karibu nusu volti, mara 100 kwa sekunde, na regulata ya 7805 itaubana huo mara 1,000 na zaidi. Joto lake ni wati 1 na ushei, kipande cha alumini kinatosha kulipoza. Regulata za kisasa kama LT3045 ni tulivu kupita kiasi, ingawa kwa masikio yangu ya umri huu 7805 inanitosha.

Raspberry Pi yenyewe usiipitishe humo. Ampea 2 mara volti 11 zinazobaki ni wati 22 za joto, na 7805 haimudu hizo ampea hata ikipoozwa kwa maji ya ziwa. Iache na chaja yake rasmi, ukijua kwamba mkondo kiduchu wa chaja hiyo bado unaweza kupita kwenye waya hasi. Na kabla ya kuipa DAC umeme wake wa pili, hakikisha umekata njia ya volti 5 inayotoka pini namba 2 na 4; waya hasi ubaki, ndio unaozifanya bodi hizi mbili zielewane. Kama bodi yako haina mahali pa kukatia njia hiyo, iache ilivyo.

Kuhusu upande wa volti 230 sina utani. Fyuzi ya nusu ampea kwenye waya wa kuingilia, boksi la bati liungwe ethi, na kila kiungo kivikwe. Asiyejua ampelekee fundi. Transfoma ya kuokota naijaribu kwa taa ya sirisi: balbu ya uzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na soketi. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, transfoma ni nzima. Ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivyo, imekufa ndani. Balbu za LED hazifai kazi hii, na zile za uzi zinazidi kuwa adimu madukani, tena ziwekeni akiba.

Kuna wanaowauzia vijana wetu vikasha vya umeme kwa bei ya pikipiki, na kebo za plagi zinazodaiwa kusafisha sauti. Umeme wa Mtera na Kidatu umepita Dodoma, Singida na Shinyanga kwa waya wa alumini mpaka ukafika Nyamagana. Mita moja ya mwisho ikiwa ya fedha itausafisha nini? Afadhali kwa pesa hizo mtu anunue spika, au kinga ya radi, maana mvua zetu za usiku kutoka ziwani zimeua vyombo vingi kuliko ubovu wa chipu. Ngurumo zikianza, chomoa.

Walioko visiwani wenye sola wana bahati yao. Betri ya volti 12 haina mvumo wa hezi 100. 7805 inaipokea moja kwa moja, hata ikipanda hadi 14.4 wakati wa kuchaji. Waangalie tu waya hasi wa DAC usitumie njia moja na ule wa amplifaya kubwa.

Sasa ombi langu kwa wenye mizani wa Igogo, Mlango Mmoja na kwingineko. Transfoma ikija na nyaya zake, kabla ya nyundo iwekeni pembeni. Mwombeni yeyote mwenye mita awasaidie kuipima: upande wa kuingilia ukisoma makumi au mamia ya omu, hiyo ni hai, na mimi na mafundi wenzangu tutainunua kwa zaidi ya bei ya shaba iliyomo. Isiyosoma kitu, waya umekatika. Hiyo pondeni.

Fundi wa redio,
Mkuyuni, Mwanza