Dishi la jirani halikupunguzii wewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu makala yenu ya wiki iliyopita, mlisema shule za vijijini hazitapata vitabu vya kidijitali mpaka kila shule iwe na laini yake ya intaneti. Mimi ni fundi dishi miaka 14 sasa na hapo sikubaliani kabisa, vitabu hivyo vinaweza kurushwa kwa satelaiti na shule ikavipokea kwa dishi.

Mwaka jana nilikuwa juu ya bati kwa mzee mmoja, nasogeza dishi mdogomdogo huku mita inapanda, akaniuliza toka chini, "Fundi, jirani naye akifunga lake si atanipunguzia mimi?" Nikamwambia hapana mzee wangu, satelaiti iko juu kilomita 35,786, yenyewe inamwaga tu, wapokee kumi wapokee laki haijui hata wako wangapi. Bando sio hivyo. Shule 500 zikitaka kitabu kilekile kinatumwa mara 500, na mnara mmoja wa kijijini unahema.

Jeshi la Marekani lilijifunza hili kwa shida. Vita ya Ghuba 1991, ratiba ya kila siku ya mashambulizi ya anga ilikuwa ndefu kiasi kwamba mitambo ya manowari za kubeba ndege haikuweza kuipokea, ikawa inapelekwa kwa ndege, hebu fikiria! Kuanzia 1998 wakafunga mitambo ya Global Broadcast Service, yaani huduma yao ya kurusha data kwa wengi kwa mpigo, kwenye satelaiti 3 za mawasiliano za jeshi zilizoitwa UFO, kila moja njia 4, kila njia megabiti 24 kwa sekunde, ramani, video, hali ya hewa, vyote vikawa vinatumwa mara moja tu. Kila aina ya data inapewa anwani ya kundi, yaani zile namba za anwani za intaneti zinazoanza na 224 mpaka 239, wewe unayepokea unachukua kundi lako mengine unayaacha yapite.

Ugumu upo, sifichi. Dishi linapokea tu, halijibu. Kwenye intaneti ya kawaida kompyuta ikikosa kipande inaomba irudishiwe, huku haiwezi, na mvua ikipiga mnajua wenyewe picha inavyoganda, tena masafa ya Ka ya hao wanajeshi yanasumbuliwa na mvua kuliko haya ya Ku tunayotumia kwenye ving'amuzi. Dawa yake ni kutuma vipande vya ziada vilivyopigiwa hesabu, ukikosa viwili vitatu kompyuta inavijenga upya kutokana na vilivyofika, halafu faili linazungushwa tena na tena, aliyekatikiwa umeme saa nne analidaka saa sita. Maabara ya jeshi lao la majini imetengeneza mbinu inaitwa NORM inayofanya kazi hiyo na wameiweka wazi, yeyote anaisoma bure.

Na wala sio ya wanajeshi peke yao, idara za hali ya hewa Afrika zinapokea picha za mawingu kupitia EUMETCast, huduma ya Ulaya ya kurusha data za hali ya hewa kwa satelaiti, kwa staili hiyohiyo, dishi na kompyuta basi.

Kwa hiyo wizara wakikaa na hizo bajeti waulize kwanza: hiki kitu wanakitaka wote au mmoja? Vitabu, mitihani ya majaribio, miongozo ya walimu, wanavitaka wote, virushwe usiku masafa yakiwa hayana kazi, shule iwe na kompyuta moja yenye kadi ya kupokelea na diski kubwa, asubuhi mwalimu anakuta vimeshaingia. Laini ya intaneti ibaki kwa yale ya kuuliza na kujibu.

Mwandishi wenu akitaka kuona mita inavyopanda namkaribisha, ngazi ninayo.

Fundi dishi,
Morogoro