Kabla hujauliza bei ya jeli, tuambie rangi yako ni ya aina gani

Wiki haipiti bila simu ya namna hii: "Kaka, nasikia mnauza jeli inayonyonya rangi kwenye maji taka. Kilo bei gani?" Nami huuliza: unatumia rangi gani? Kimya kidogo, halafu: "Nyekundu na bluu."

Sikuulizi wekundu wake, dada. Nauliza pakiti imeandikwa nini.

Jeli hiyo, yaani haidrojeli, ni nyuzi za polima (molekuli ndefu kama minyororo) zilizofungamana kama wavu, zikashika maji katikati yake. Pasua pampasi ya mtoto utaiona: ule unga mweupe unaovimba. Mteja wetu mmoja aliwahi kuumwaga kwenye pipa lake la maji ya rangi. Ukavimba kidogo tu, maana chumvi huuzuia, na maji yaliyobaki yakawa mekundu vilevile. Kunywa maji ni kazi moja, kukamata rangi ni kazi nyingine.

Rangi hukamatwa kwa chaji ya umeme: hasi na chanya huvutana. Jeli ya karajinani, inayotokana na mwani kama huu unaolimwa Zanzibar, ina chaji hasi, hivyo huvuta rangi zenye chaji chanya. Methilini bluu ni mojawapo, na ndiyo inayopendwa sana maabara. Ukiona video ya maji ya bluu yakigeuka meupe, mara nyingi ni hiyo. Lakini wanaotia rangi vitambaa vya pamba hutumia sana rangi za riaktivu, na hizo zina chaji hasi. Hasi kwa hasi husukumana.

Hili tulijifunza kwa aibu. Tulipoanza, tulitia punje zetu za jeli ya mwani kwenye ndoo ya maji mekundu ya riaktivu, tukafunika, tukaenda kulala. Asubuhi maji yalikuwa mekundu kama tulivyoyaacha, na punje zimelegea.

Sasa kwa rangi hizo tunatumia kaitosani, inayotengenezwa kutokana na maganda ya kambamiti. Kwenye maji yenye asidi kidogo hupata chaji chanya na kuivuta riaktivu. Tunaifunga kikemikali ili isiyeyuke kwenye asidi hiyohiyo. Lakini maji ya riaktivu hutoka na magadi, pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, ikiwa 10 au 11, kwa hiyo ni lazima kwanza tuishushe hadi 5 au 6. Usipoishusha, umetupa pesa.

Na hiyo "nano" inayotajwa kila mahali wanapouza jeli? Ni chembe ndogo mno tunazochanganya ndani ya jeli. Udongo wa bentonaiti una vipande vyembamba vyenye unene wa takriban nanomita 1; ungepanga milioni moja ndipo upate unene wa milimita 1. Mwaka 2002 watafiti wa Japani, Haraguchi na Takehisa, walionyesha kwamba vipande vya udongo vya aina hiyo vinaweza kuufunga wavu wa jeli, ikanyumbulika badala ya kumeguka. Ukitia chembe za magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, badala ya udongo, unazikusanya punje kwa sumaku. Nano haibadilishi kanuni ya chaji, muuzaji asikuzuge.

Siku moja tulikata punje kwa wembe baada ya saa moja ndani ya maji ya rangi. Pembeni palikuwa na pete nyekundu iliyokoza, katikati peupe kabisa. Rangi huingia polepole kutoka nje. Ndiyo maana tunatengeneza punje ndogo, na ndiyo maana hatumwahidi mtu kwamba maji yatatakata kwa dakika tano.

Kwa wenye batiki za rangi za vati, zile za kostiki soda na haidrosalfaiti, ushauri wetu ni kwamba jeli hamuihitaji. Yaacheni maji kwenye beseni pana, myakoroge mara kwa mara hadi siku ya pili. Hewa huigeuza rangi iwe isiyoyeyuka, nayo hutuama. Kisha shusheni pH, tieni shabu, mwache yatulie. Ila msitie asidi kabla hewa haijamaliza kazi yake: haidrosalfaiti iliyobaki hutoa gesi ya salfa inayokaba koo. Tunapoteza mauzo kwa kusema hivi, lakini ni bora kuliko kukuuzia kitu usichokihitaji.

Jeli iliyoshiba rangi usiitupe mtaroni, maana rangi haijapotea, imehama tu. Turudishie. Punje za kaitosani tunazisuuza kwa maji ya kostiki, zinaiachia rangi, zinatumika tena mara kadhaa, kila mara zikishika kidogo kuliko mwanzo. Yale maji mazito ya rangi yanayobaki tunayahifadhi kwenye madumu hadi yatakapochukuliwa na wanaoshughulikia taka za kemikali. Gharama yake tunaiweka kwenye bei mapema, isije ikakushtua baadaye.

Ukija, leta lita moja ya maji yaliyotoka kwenye rangi na lita nyingine ya maji ya suuza, kila moja kwenye chupa yake, kwa sababu chumvi nyingi iliyo kwenye maji ya rangi hugombania nafasi na rangi yenyewe. Na pakiti ya rangi uje nayo, hata kama imechakaa.