Kwa nini unga wa mtama wa leo si kama ule wa mwezi jana

Malalamiko tunayoyasikia zaidi dukani ni haya: “Unga wa mtama niliochukua mwezi jana ulikuwa mweupe. Huu ni mwekundu, na uji wake una ukakasi. Mmechanganya nini?” Hatujachanganya kitu. Ni aina mbili tofauti za mtama, na ukizunguka maduka ya nafaka ya Nyamakima, Nairobi, utaona magunia ya aina hizo yamepangwa pamoja na yote yanaitwa mtama tu. Kuanzia sasa kila mfuko wetu utaandikwa “mweupe” au “wa kahawia”. Tofauti yao si rangi peke yake, ndiyo maana tunaieleza.

Mtama wote huo ni mmea mmoja, Sorghum bicolor. (Wimbi ni mmea mwingine kabisa, uwele vilevile, tunauliziwa kila siku.) Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Afrika, pande za Sudan, na umelimwa kwa takriban miaka 5,000. Ulivyosambaa hadi Afrika Magharibi, Kusini na India, wakulima wa kila mahali wakachagua wao walichokipenda. Mwaka 1972 wataalamu Harlan na de Wet waliugawa katika makundi matano makuu kwa kutazama punje na kumvi zake: bicolor, guinea, caudatum, kafir na durra. Bicolor ndio wenye sura ya kizamani, punje imefungwa ndani ya kumvi ndefu. Guinea wa Afrika Magharibi una suke lililoachana, linalopitisha upepo na kukauka upesi baada ya mvua. Durra suke lake limeshikana, na mara nyingi shingo yake imepinda likaangalia chini. Caudatum unaweza kuuona hapahapa dukani: omba punje chache, zilaze kiganjani. Ukikuta upande mmoja ni bapa na wa pili umebinuka kama mgongo wa kobe, ndio huo. Mbegu nyingi za kisasa zina damu yake.

Sasa tuje kwenye ule ukakasi. Chini ya ganda la nje la punje, baadhi ya aina zina utando wa rangi ya giza uliojaa tanini, kitu kilekile kinachokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Mkulima hakuipanda tanini kwa bahati mbaya. Kweleakwelea wakivamia shamba la mtama mweupe humaliza masuke mchana kweupe, lakini ule wa kahawia huuonja na kuuacha kama kuna kingine cha kula. Ndiyo sababu aina kama Serena na Seredo, zilizotokana na kituo cha utafiti cha Serere, Uganda, zilipendwa upande wa Magharibi ya Kenya na Nyanza. Mweupe, kama Gadam na KARI Mtama 1, unahitaji mtu wa kuwinga ndege. Gadam tena unatafutwa na watengenezaji bia, kwa hiyo sisi na wao tunagombea gunia lilelile.

Usihukumu kwa rangi ya nje. Kuna mtama mwekundu usio na tanini hata kidogo. Wekundu wake umeishia kwenye ganda. Sisi tukipokea gunia huchukua punje kadhaa na kuzikwangua kwa wembe, taratibu. Ganda likitoka tukaona weupe moja kwa moja, hauna. Tukikuta tabaka la kahawia kabla ya weupe, unaenda upande wa pili wa stoo.

Tanini si sumu, ila hushikana na protini na madini ya chuma, mwili ukapata pungufu. Kwa uji wa mtoto tunakushauri uchukue mweupe, hata kama bei yake iko juu. Wa kahawia una watu wake: wale wa ugali wa mtama na muhogo, na wa uji wa kuchachusha. Hao ukiwapa mweupe wanakwambia hauna ladha, na mimi niko upande wao. Ukitaka kuupunguza ukakasi, tuambie tuukoboe kwanza. Utapoteza uzito kidogo kwa pumba, na ukoboaji hufaulu zaidi kwa punje ngumu. Zile laini huvunjikavunjika mashineni.

Wanaootesha kimea nyumbani wasikilize hapa. Chipukizi la mtama lina kemikali inayotoa sianidi, ndiyo maana hata ng’ombe hudhurika wakila mtama mchanga shambani. Punje yenyewe haina shida. Baada ya kuotesha na kukausha, pukuchua mizizi na machipukizi yote, upepete, ndipo utuletee tusage. Kimea kilicholetwa na nywele zake hatukipokei.

Chapati za mtama mtupu zitakatika tu, kwa sababu mtama hauna gluteni ya kuvuta unga pamoja. Changanya na unga wa ngano, ukianza na kikombe kimoja cha mtama kwa viwili vya ngano. Na kama umekatazwa gluteni na daktari, tafadhali usinunue unga wetu kwa sasa: mashine inayosaga mtama ndiyo inayosaga ngano, na kuipangusa hakutoshi. Chukua punje kwetu, uzioshe, ukasagishe penye mashine isiyoguswa na ngano.