Stori za Tongoni ziandikwe na watoto wa shule

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Mie mkazi wa Tanga, na siku hizi nasoma sana mambo ya Ireland, msinicheke, manake wale jamaa na sie kwenye mambo ya mizimu tunafanana kuliko mnavyodhani. Kule kuna maboma ya udongo ya mviringo, ya kale, maelfu kwa maelfu yametapakaa mashambani, na wazee wao wanasema humo wanaishi viumbe wasioonekana, ukilima pale au ukikata mti wa miiba uliosimama peke yake basi ng'ombe watakufa au utaumwa ugonjwa usioeleweka. Kwenye kilima cha Tara, makao ya wafalme wao wa kale, kuna jiwe limesimamishwa, linaitwa Lia Fáil, eti likiguswa na mfalme wa haki linapiga ukelele! Na sio stori za zamani tu, mwaka 1999 kwenye jimbo lao la Clare mpiga hadithi mmoja, Eddie Lenihan, alikuja juu kuhusu mti wa aina hiyo uliokuwa kwenye njia ya barabara kuu mpya, na mti ukabakizwa.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Kati ya 1937 na 1939 serikali yao iliwatumia watoto wa shule za msingi, kama shule 5,000 hivi, wakaenda kuwauliza bibi na babu zao stori za vilima, mawe, visima, tiba, kila kitu, wakaandika kwenye madaftari, na leo yote unayasoma bure kwenye intaneti.

Sie tuna makaburi ya kale yenye nguzo za mawe pale Tongoni, hapa hapa Tanga, tuna Mapango ya Amboni ambako watu bado wanapeleka ubani na nadhiri, lakini ukiuliza stori zake utaambiwa kamuulize mzee fulani, ukienda unakuta keshazikwa. Watalii wanapewa tarehe na Vasco da Gama basi, hadithi za wenyewe hakuna.

Najua wapo watakaosema huo ni ushirikina, watoto wasifundishwe. Jamani, Waayalandi wa wakati ule walikuwa Wakatoliki haswa, na bado waliandika. Kuandika sio kuabudu.

Maafisa elimu wetu mnaosoma hapa, gharama yake ni daftari na kalamu tu, likizo ya Juni watoto wa darasa la sita wapewe hiyo kazi, waanzie na bibi zao wa Tongoni, na jina la msimuliaji liandikwe juu ya kila ukurasa.

Msomaji wenu, Tanga