Nimepasuliwa vena za korodani, mbegu zimeongezeka, lakini mimba bado: tusubiri hadi lini?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Newala. Nina umri wa miaka 39, mke wangu ana miaka 36, na tunaingia mwaka wa tano wa ndoa bila mimba hata moja. Mke wangu ndiye aliyetangulia kupimwa, kwa kuwa mwanamke ndiye anayeshukiwa kwanza, na majibu yake yote, pamoja na ya mirija ya uzazi, yalikuwa mazuri. Ndipo nilipokwenda mimi.

Daktari alinitaka nisimame, nibane pumzi na kujikamua kama mtu aliye chooni, kisha akapapasa upande wa kushoto. Kwa miaka mingi nilikuwa nikihisi hapo kitu mfano wa tambi zilizopikwa, pamoja na maumivu mazito ya jioni kila nilipobeba magunia ya korosho, ambayo yalitulia nikilala. Nilidhani ni ngiri tu. Aliniambia kwamba ni varikosili ya daraja la tatu, yaani vena zinazoondoa damu kwenye korodani zimetanuka, damu inatuama, na joto linapanda mahali ambapo mbegu huhitaji ubaridi kidogo kuliko mwili mzima. Kipimo changu kilionyesha mbegu milioni 5 kwa mililita, na zilizokuwa zikijongea ni asilimia 15, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja milioni 16 na asilimia 42 kuwa kiwango cha chini cha kulinganishia.

Nilipasuliwa mwezi Aprili. Huku kwetu, ikisikika kwamba mwanamume amepasuliwa sehemu hizo, watu huhitimisha kwamba ni busha, maana matende na mabusha si habari ngeni Mtwara wala Lindi, na mimi sikumsahihisha mtu. Ukimya huo sasa unanigharimu. Mjomba wa mke wangu, ambaye kwa mila zetu Wamakonde ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na anayehesabu kwamba watoto wetu watakuwa wa ukoo wake, ameuliza mara mbili: busha limekwishatolewa, mtoto yuko wapi? Mara ya pili alidokeza kwamba binti yao anaweza kurudi nyumbani.

Wiki sita baada ya upasuaji nilikwenda kupima kwenye maabara moja ya karibu, ambako hakuna aliyeniuliza nimekaa siku ngapi bila kukutana na mke wangu. Majibu yalikuwa milioni 4, chini hata ya mwanzo, nami nikaona nimechanwa bure. Daktari alinituliza kwa kunieleza kwamba mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, hivyo zile nilizopima zilianza safari yake kabla au karibu na siku ya upasuaji, na kwamba kipimo cha maana ni cha mwezi wa tatu na kuendelea. Mwezi huu wa Septemba nilirudia, safari hii kwa utaratibu. Nilijizuia siku tatu, nikakodi chumba cha gesti jirani na hospitali, kisha nikaenda kwa miguu huku kikopo nimekibana tumboni ndani ya shati kisipoe, nikiwakwepa wazazi wa wanafunzi wangu. Majibu yalikuwa milioni 13 na asilimia 29.

Nilifurahi, sikufichi. Hata hivyo daktari alinikumbusha kwamba mbegu kuongezeka hakuhakikishi mimba, na kwamba wapo ambao mbegu zao hazibadiliki kabisa baada ya upasuaji. Kinachonisumbua ni muda. Je, mtu aliyefika hapa katika mwezi wa tano hutarajiwa kuendelea kupanda hadi mwaka utimie, au nihesabu kwamba hiki ndicho kikomo changu? Minada ya korosho ikianza Oktoba nitapata fedha kiasi; niziweke na tujaribu kwa njia ya kawaida hadi Aprili, au umri wa mke wangu unatutaka tuende mapema Dar es Salaam kuulizia kupandikiziwa mbegu kwenye mji wa mimba? Nimesoma pia kwamba moshi wa sigara na joto huharibu mbegu. Sigara sivuti, lakini kila msimu nilikuwa nikipulizia mwenyewe salfa, dawa ya unga ya mikorosho, mashine ya moto ikiwa mgongoni tangu alfajiri. Mwaka huu niliwaachia vijana. Je, niendelee kukaa mbali nayo?

Na mjomba nimwambieje? Mke wangu anataka tumweleze ukweli wote, hata tumwonyeshe karatasi zote tatu za vipimo. Mimi bado nasita kumkabidhi mkwe wangu hesabu za mbegu zangu.

Msomaji wako,
Newala, Mtwara