Pipeti ikirekebishwa, andikeni pia ilivyokutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa maabara, na pia na kila aliyewahi kutolewa damu ikapimwe. Fundi anayekuja kukagua pipeti asiguse skrubu ya kurekebishia kabla hajapima na kuandika amekikuta kifaa kikitoa kiasi gani. Namba hiyo ya kwanza ndiyo inayohusu majibu ambayo wagonjwa wameshakwenda nayo nyumbani.

Kwa asiyeijua, pipeti ni kifaa cha mkononi cha kuvuta na kutoa kimiminika kidogo sana. Katika kipimo cha sukari kinachofanywa kwa mkono, kwa mfano, mikrolita 10 (sehemu moja ya mia ya mililita) za plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, huchanganywa na mililita moja ya kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia. Pipeti ikitoa 9.5 badala ya 10, sukari husomeka pungufu kwa karibu asilimia 5. Kama myeyusho wa kulinganishia, ambao kiasi chake cha sukari kinajulikana, nao umevutwa kwa pipeti ileile, kosa hufutana. Zikitumika pipeti mbili tofauti, kinga hiyo haipo tena.

Sasa tazama vyeti vya ukaguzi wa pipeti. Vingi vinavyopita mikononi mwangu vina namba za baada ya marekebisho tu. Zote nzuri, na stika mpya imebandikwa. Lakini jana yake pipeti hiyo ilikuwaje? Kama ilikuwa imepotoka, mkuu wa maabara anatakiwa kurudi hadi ukaguzi wa mwisho uliokuwa sawa na kuyaangalia upya majibu yaliyotoka tangu hapo. Atarudije ikiwa ushahidi umefutwa kwa bisibisi? Jambo hili linaniumiza, kwa sababu namba ilipatikana, au ingepatikana kwa muda mfupi tu, na hakuna aliyeiandika.

Upimaji wenyewe ni wa kupima uzito wa maji yaliyosafishwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8655 kinataka vipimo 10 kwa kila ujazo, na kwa pipeti inayobadilishwa ujazo hukaguliwa ujazo wa juu kabisa, nusu yake, na ule wa chini. Pipeti ya mikrolita 100 ikiwekwa kwenye 100, wastani wake usipotoke zaidi ya mikrolita 0.8. Maji, pipeti na ncha, yaani vile vijirija vya plastiki vinavyochomekwa mwishoni mwa pipeti, zikae kwanza chumbani mpaka joto lao lilingane. Ncha ilowanishwe kwa kuvuta na kutoa maji mara kadhaa, izame milimita mbili au tatu tu, na pipeti isimame wima wakati wa kuvuta.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza: mizani husoma uzito, si ujazo. Kwenye nyuzi joto 25, mikrolita 100 za maji husomeka kama miligramu 99.6, kwa hiyo uzito unazidishwa kwa 1.004 kupata ujazo. Nimeshuhudia mtu akizungusha skrubu ili kufidia hizo 0.4 ambazo hazikupungua kamwe. Pipeti ilikuwa nzima, akaipotosha.

Hatari zaidi ni kurekebisha kifaa kinachovuja. Pipeti ya 100 ikisoma wastani wa miligramu 98.1, hiyo ni mikrolita 98.5, imetoka nje ya kikomo. Kabla ya skrubu, badilisha ncha. Kisha vuta maji, ishike wima kwa sekunde 20 hivi, utazame kama tone linajitokeza mwishoni mwa ncha. Likijitokeza, fungua, safisha, kagua mpira unaozuia hewa kwenye pistoni, kile kijiti cha ndani kinachovuta. Mara nyingi tatizo limeishia hapo. Ukiliacha tatizo na kuongeza 1.5 kwa skrubu, nyongeza hiyo hukaa karibu ileile katika kila ujazo. Kwenye 100 ni asilimia 1.5, lakini ukishusha hadi 10 inaweza kufika asilimia 15, na cheti kilichopimwa kwenye 100 pekee hakitakuonyesha.

Ombi langu kwa wakuu wa maabara: kila fomu ya kalibresheni, yaani ya ukaguzi na urekebishaji huo, iwe na sehemu mbili, ilivyokutwa na ilivyoachwa, na cheti chenye moja tu kirudishwe. Hata pipeti isiyohitaji marekebisho iandikwe ilivyokutwa. Ikikutwa nje ya kikomo, aitwe msimamizi wa ubora siku hiyohiyo, sampuli zilizohifadhiwa na bado zinafaa zipimwe upya, na daktari aliyepokea majibu yenye shaka aambiwe.

Mtaalamu wa maabara, msomaji wako